Mwenyekiti wa Kwanza na Foleni ya Choo

Historia ya kijiji chetu, hii ambayo sasa watoto wa darasa la nne wanaikariri, ilianzia kwenye foleni ya choo. Nasema kwa uhakika kwa sababu nilikuwepo, na kwa sababu niliitunga mimi. Wapo wanaonibishia. Wananibishia hadi leo, machoni pangu, na wengine wana shahada.

Nilifika Karatu nikiwa kijana, natokea Kilimanjaro, nina leseni ya udereva, Kiingereza cha kidato cha nne na suruali mbili za kaki. Kila aliyetoka kwetu kuja huku alikuwa na mpango uleule: kuendesha watalii. Kazi hiyo ina sehemu mbili. Ya kwanza ni kushika usukani na kutaja wanyama, na hiyo haina shida, maana ukishashuka kreta ya Ngorongoro simba ni simba, na ukimsingizia jambo hatakushitaki. Ya pili ni kujibu maswali. Mgeni hachoki kuuliza: haya mashamba ni ya nani, hawa watu walikuja lini, kile kibanda kilijengwa na nani. Bosi wangu wa kwanza alinipa semina ya dakika tano huku anakula. "Dereva wangu hasemi sijui," aliniambia. "Akisema sijui, arudi kwao akalime kahawa." Kahawa ya kwetu ilikuwa imekwishang'olewa, kwa hiyo nikajifunza kujua.

Sasa, ukitoka Karatu kwenda Mang'ola, barabara ni ya vumbi na mashimo, na malori ya vitunguu hayakupishi hata ukilia. Wageni huamshwa alfajiri kwenda kuwaona wawindaji karibu na Ziwa Eyasi. Wakati wa kurudi, kwenye saa nne asubuhi, wameshakunywa chai na maji chupa mbilimbili, na kila shimo la barabara linawakumbusha. Wakati huo njia nzima ilikuwa na choo kimoja tu cha kukaa, chenye maji na karatasi, nyuma ya duka la soda pale kijijini kwetu. Mwenye duka nitamwita mwenye choo. Simtukani. Kila alichokuja kupata baadaye, pamoja na heshima ya ukoo, alikipatia hapo.

Choo kimoja, wageni sita: hesabu hiyo inaacha watu watano wamesimama juani hawana cha kutazama. Kilichokuwepo ni ngazi tatu za saruji pembeni mwa duka. Unapanda ya kwanza, ya pili, ya tatu, halafu hakuna mlango wala ukuta. Palikuwa na duka la ushirika hapo, likabomoka, watu wakajibebea matofali, ngazi hazibebeki. Siku hiyo mama mmoja wa makamo, mgeni, akaniuliza ngazi zile ni za nini.

Ningeweza kusema ni za duka. Ukweli ulikuwa mfupi na ulikuwa palepale. Lakini mbele yake kulikuwa na watu watatu ambao bado hawajaingia, na mumewe alishaanza kutazama saa na kuilalamikia safari nzima tangu uwanja wa ndege. Nikafungua mdomo.

Nikamwambia kwamba zamani, serikali ilipowahamisha watu kutoka vilimani ili wakae pamoja vijijini, malori yalifika hapa na watu wakagoma kupanda. Ndipo babu wa mwenye duka hili akasimama juu ya ngazi hizi, hana silaha, hana woga, akawahutubia. Alipomaliza alikwenda akabomoa nyumba yake kwa mikono yake mwenyewe, akatoka na kuku mweusi kwapani, akawa wa kwanza kupanda lori. Kijiji kizima kikamfuata kwa nyimbo. Na huyo, nikasema, ndiye aliyekuwa mwenyekiti wetu wa kwanza.

Kuku alikuwa wa bibi yangu, kule Kilimanjaro. Yaliyobaki sijui yalitoka wapi. Mama yule alilia, mumewe akazipiga picha ngazi, na foleni ikaisha bila mtu kuisikia. Mwenye choo alikuwa anapanga chupa kwenye kreti, na Kiingereza chake cha kuuzia soda kilimtosha kuelewa. Ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kusikia kwamba babu yake alikuwa shujaa. Hakukana. Alinifungulia soda baridi, akasema, "Kaka, wewe ukija na wageni pita tu moja kwa moja, usiulize."

Nikapita moja kwa moja kwa miaka mingi. Madereva wengine wakaidaka hadithi, kila mmoja akaivalisha anavyopenda. Siku moja nilimsikia mwenzangu akiwaambia wageni wake kwamba ile hotuba ilichukua saa tatu. Nilikasirika kweli. Nilimvuta pembeni nikamwambia ni saa moja na nusu, aache kupotosha historia ya watu.

Miaka ya karibuni wageni waliipenda zaidi. Wanakuja wamekwishasoma kwenye simu zao kwamba huko juu, Ngorongoro na Loliondo, kuna ugomvi wa ardhi na watu kuhama, na wanauliza kwa sauti ya chini kama watu hao wanahama kwa kupenda. Swali hilo ni la moto, na dereva ana watoto. Mimi nilikuwa nawapeleka kwenye ngazi. Pale kwenye ngazi watu wanahama kwa nyimbo.

Miaka yangu ya mwanzo nilipanga chumba kwa mama mmoja mjane, hatua mia mbili kutoka kwenye ngazi hizo. Nilimwita ayo, kama Wairaqw wanavyomwita mama, na yeye aliniita mwanangu. Alinilisha makande siku nilizokuwa sina kitu, na nilipooa na kujenga, nilijenga jirani naye. Mume wake ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kwanza. Alinieleza wiki ya kwanza tu, akiwa anachambua maharage. Mumewe aliteuliwa kwa sababu, kati ya wanaume wote waliokuwepo siku ile, ni yeye peke yake aliyekuwa na kalamu mfukoni. Akapewa kaunta buku, akaambiwa atangulie mbele ya lori aonyeshe nyumba. Akawa anaandika kila nyumba ina nini na kimevunjika nini, akiamini kwamba watu watalipwa. Alikaa kwenye uenyekiti miezi michache, akauliza mno kuhusu vitu vilivyovunjika, akaondolewa. Nilimsikiliza ayo kwa sikio moja. Nilikuwa na njaa, na hadithi yenyewe haikuwa na kuku.

Daftari hilo halipo tena. Alikuja ofisa mmoja kutoka ofisi ambayo ayo haikumbuki, akalichukua kwa ajili ya kutunza kumbukumbu. Alikuwa mtu wa utaratibu. Aliandika kabisa kwamba amelichukua, akatia sahihi na tarehe. Aliyaandika hayo ndani ya daftari hilohilo, akaondoka nalo.

Basi ukaja ule mwaka wageni walipokatika dunia nzima. Karatu ikanyamaza. Magari yakafunikwa maturubai, madereva wakageuka wakulima wa vitunguu wa msimu mmoja, na mimi nikajiandikisha chuo, masomo ya mbali, shahada ya historia ya siasa ya nchi yetu. Mke wangu aliuliza itatusaidia nini. Nikamwambia asubiri aone. Bado anasubiri.

Niliipenda ile historia kama mtu anayependa uzeeni. Nikajifunza chanzo cha msingi na chanzo cha pili. Nikajifunza kuuliza: nani anasema, alikuwepo, aliandika lini, anafaidika nini. Nikawa kero. Mtu akitoa ushuhuda kanisani, mimi nauliza pembeni kama kuna mwingine aliyeona. Mjomba wa mke wangu akisimulia vita, namuomba jina la kikosi. Mjini wakaanza kuniita Profesa, na hawakuwa wananisifu. Mimi niliitika tu, nikaona jina limenikaa.

Wageni waliporudi nikarudi barabarani, lakini masomo sikuacha. Na hapo ndipo ilipokuja sekondari mpya ya kata. Majengo yaliisha, jina likakosekana, wakaamua iitwe kwa jina la mwenyekiti wa kwanza wa kijiji. Ayo alipopata habari hiyo alivaa kitenge chake cha Pasaka siku ya Jumanne, akaniita. Magoti yake yalikuwa yameshachoka, na hospitalini walishamwambia moyo nao si wa kuutegemea sana.

"Mwanangu," alisema, "mume wangu hana picha, hana kaburi la saruji, na daftari lake wamelichukua. Nataka nione jina lake limeandikwa mahali kabla sijafa. Hicho tu. Wewe si ndiyo mambo unayosoma? Nenda unisemee."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, hilo dogo. Sijui nilikuwa na akili gani.

Nilikwenda ofisi ya kata. Mtendaji wa kata, kijana mpole, msomi, suti ya kijivu, alinipokea vizuri, akaniambia majina yaliyopendekezwa ni mawili, na la pili lina ushahidi mzito. Akanipa kijitabu. Kilikuwa kijitabu cha historia ya kata, kimeandikwa na walimu kwa ajili ya shule za msingi, na jaladani kulikuwa na picha ya ngazi tatu. Nikafungua ukurasa wa tano nikiwa nimeshaanza kutoka jasho. Malori yalikuwepo. Mgomo ulikuwepo. Hotuba ilikuwa ya saa moja na nusu, na hapo nilijisikia fahari kidogo, Mungu anisamehe. Kuku mweusi naye alikuwepo kwapani. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, waliandika walikoyatoa: bango la utalii wa utamaduni.

Nikaenda kwenye bango. Lilisimama kando ya ngazi, na nilikuwa nimelipita mara mia bila kulisoma, maana nani anasoma bango la mahali anapopajua. Lilisema habari hizi zimepatikana kutokana na masimulizi ya wenyeji. Nilisimama pale muda mrefu, mimi mtu wa kuja, nikijisoma kwamba mimi ndiye wenyeji.

Nikasema sawa, maandishi yameoza, ila wazee wapo. Wengi wa rika la mume wa ayo wamekwishazikwa, lakini kulikuwa na mmoja aliyesifika kata nzima kwamba alikuwepo siku ya malori. Shikamoo, marahaba, nikatoa kalamu. Alinisimulia yote, machozi yakimlengalenga: hotuba, nyumba ikibomolewa, nyimbo. Nikamuuliza habari za kuku.

"Kuku yule?" alisema. "Alitaga ndani ya lori."

Sikuwahi kusema kwamba kuku alitaga. Hiyo ilikuwa yake mwenyewe. Nikapiga hesabu kwa umri alionitajia, nikamwambia kwa adabu zote kwamba siku ya malori, yeye mzee wangu, alikuwa mgongoni mwa mama yake. Akanitazama kwa huruma, akasema ndiyo maana aliona vizuri, alikuwa juu.

Nilizungukia wazee sita. Wanne walimwona kuku.

Ikabaki njia moja, kukiri. Sikuitaka. Nilimpenda yule mwongoza wageni hodari anayejua kila kitu, na sasa nilitakiwa kumvua nguo mbele ya kata. Lakini nilijipa moyo. Somo la uhakiki wa vyanzo nilikuwa nimelifaulu vizuri, na kwa akili yangu mtunzi akisimama mwenyewe akasema nimetunga, kesi imekwisha.

Mkutano ulifanyika kwenye darasa la sekondari hiyo isiyo na jina, rangi bado inanuka. Ayo hakuweza kuja, magoti. Nilisimama nikaeleza kila kitu: choo, foleni, mama aliyelia, kuku wa bibi yangu. Watu walinisikiliza kwa utulivu ambao nilidhani ni wa kuguswa. Nilipomaliza, mtendaji aliomba kuniuliza maswali machache, kama nisingejali.

"Unasema ulitunga. Kuna aliyekuwepo wakati unatunga?"

Nikasema wageni sita.

"Wako wapi?"

Nikasema kwao. Ulaya, sijui nchi gani.

"Kuna maandishi yoyote ya wakati ule yanayoonyesha kwamba ulikuwa unatunga?"

Sikuwa nayo. Nani anaandika uongo wake akaweka na tarehe?

"Basi tuone," akasema, bila kupandisha sauti. "Upande mmoja tuna bango, tuna kijitabu cha walimu, tuna wazee wanne walioshuhudia. Upande wa pili tuna mtu mmoja, aliyehamia hapa akiwa mkubwa, jirani wa familia inayoshindania jina, aliyekula chakula chao, na ambaye kwa maneno yake mwenyewe ni mwongo. Wewe ndiye msomi wa mambo haya. Chuoni kwenu chanzo cha namna hiyo mnakipa uzito gani?"

Watu wakacheka. Ningecheka na mimi, maana alikuwa ameuliza yote niliyofundishwa kuuliza, kwa mpangilio uleule, na kila swali lilikuwa la haki. Nikasema mjane wa mwenyekiti yupo hai. Akasema anamheshimu sana, lakini mke kumshuhudia mumewe, hapo kuna maslahi. Mwenye choo akasimama, akasema hana kinyongo nami na amenisamehe, kwa kuwa hata babu yake alikuwa mtu wa kusamehe. Wakampigia makofi. Mtendaji akamalizia kwamba, yote kwa yote, mtu aliyebomoa nyumba yake kwa hiari anawafundisha vijana uzalendo, na mtu aliyekuwa anaandika vyungu vilivyovunjika sijui atawafundisha nini. Mikono ikanyooshwa, jina likapita.

Nilimkuta ayo mlangoni na kitenge cha Pasaka, chai ya maziwa imejaa chupa, vikombe viwili vimeoshwa. Nikamweleza. Nikamweleza hadi lile ambalo mkutano mzima ulikataa kuliamini, na yeye akaliamini palepale. Ndiye mtu pekee aliyeniamini siku ile, na ningetoa mengi asiniamini.

"Kwa hiyo mume wangu umemuuza kwa choo," alisema.

"Ayo, nisamehe."

"Na ulipokwenda kutafuta ushahidi, ulikwenda wapi?"

Nikamtajia: ofisini, kwenye bango, kwa wazee sita.

"Wanaume sita waliokuwa wananyonya," alisema. "Mimi nilikuwa mtu mzima, mke wa mtu, nilikuwa nimesimama ubavuni mwake. Na umekula kwenye sufuria yangu miaka yote hiyo. Hukuniuliza hata swali moja."

Akachukua chupa ya chai, akaingia nayo ndani, akafunga mlango. Wapo watu wakisimulia mambo kama haya husema walipata funzo. Mimi nilipata aibu. Kwa wiki tatu, kila nikipita pale uani ayo alikuwa anageuza kigoda anipe mgongo.

Wiki ya nne aliniita. Hakunikaribisha kukaa.

"Wageni wako bado wanabanwa na mkojo wakitoka Eyasi?"

"Bado, ayo."

"Walete hapa. Choo changu ni cha shimo, lakini nimekifagia."

Niliwaleta. Walikuwa wanne, vumbi hadi kwenye kope. Mmoja aliingia chooni, watatu wakabaki wamesimama uani, na ayo alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, kitenge cha Pasaka. Nikaanza kueleza. Nikasema huyu ni mjane wa mwenyekiti wa kwanza wa kijiji, mtu aliyepewa kazi hiyo kwa sababu ya kalamu, akatangulia mbele ya lori kwa kuamrishwa, akaandika vitu vya watu ili walipwe, na hawakulipwa. Nilisema kweli tupu, na nilisikia inavyokwaruza mdomoni, maana sikuizoea. Mgeni mmoja, mzee mrefu mwenye kofia, alisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza: haya yote tunayajuaje? Ushahidi uko wapi?

Miaka yote ya kuku mweusi, hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo. Hata mmoja. Nilitamani kumzaba kofi.

Nikamtafsiria ayo swali lile. Hakushangaa. Aliuliza kama huyo mzee ana haraka, nikasema hana. Akafumba macho, akaanza.

"Nyumba ya kwanza," alisema, akataja jina la mwenye nyumba. "Watu saba. Jiwe la kusagia moja, limeachwa. Mtungi wa maji mmoja, umevunjika. Ng'ombe wanne, mmoja hakuonekana. Nyumba ya pili." Akataja jina. "Watu watatu, bibi mmoja hawezi kutembea. Vyungu viwili, vizima. Mahindi ghalani hayakubebwa."

Mwanzoni sikuelewa anafanya nini. Halafu nikaelewa. Lilikuwa daftari. Ayo hajui kusoma, lakini mumewe alikuwa akimsomea, mwaka hadi mwaka, wakisubiri malipo, na alikuwa amelishika lote kichwani kama watu wanavyoshika sala. Mimi nilikuwa nimezunguka kata nzima kutafuta karatasi, na muda wote lilikuwa limekaa kwenye kigoda, hatua chache kutoka mlangoni kwangu.

Nikatafsiri, neno kwa neno. Ulimi ulitaka kuongeza vitu, nikauuma. Aliyekuwa chooni alitoka akaja kusimama na wenzake, na hakuna aliyekwenda kuchukua zamu yake. Mwenye choo naye alikuwa ameona gari langu limepita kwake bila kusimama, akaja hadi kwenye ua kuuliza kulikoni. Alifika ayo akiwa kwenye nyumba ya kumi.

"Nyumba ya kumi na moja," ayo akasema, akataja jina ambalo sasa limeandikwa kwa rangi ya bluu kwenye geti la sekondari. "Watu watano. Mwenyewe amekataa kutoka. Amebebwa pamoja na kitanda chake. Kitanda kimevunjika mguu mmoja."

Hilo nalo nikalitafsiri. Mwenye choo alishika fito ya ua, akatazama chini. Nafikiri hakujua kama aone aibu au aone fahari. Mimi ningeona fahari, lakini mimi si mtu wa kuulizwa.

Ayo akaendelea. Kuku walikuwemo, tena wengi, ila hakuna aliyeandikwa rangi. Nyumba ya mwisho ilikuwa yao wenyewe. "Watu wawili," alisema. "Mke ana mimba. Chungu kikubwa kimoja, kimepasuka." Akafumbua macho. "Na aliyeandika anaogopa. Kalamu imemwanguka mara mbili."

Mzee mwenye kofia akauliza, polepole, kama hilo la mwisho nalo liliandikwa daftarini. Nikamuuliza ayo.

"Hapana," alisema. "Daftari linaishia kwenye chungu. Hilo la kuogopa nililiona mimi, mimi ndiye niliyekuwa nikimwokotea kalamu." Kisha akaniangalia mimi, wala si mgeni, kwa mara ya kwanza tangu siku ya chai. "Mwambie ipi ni ya daftari na ipi ni yangu. Usimchanganyie."

Nikamwambia.